Wakulima wa zabibu tufundishwe mvinyo

Ndugu Mhariri,

Natoa maoni yangu juu ya zao la zabibu hapa Dodoma, na hasa juu ya kutokujua kwetu kile kinachotengenezwa kwa zabibu hizo, yaani mvinyo, ambao wengine tunauita divai.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na ninalo shamba dogo la mizabibu. Msimu mmoja niliongozana na mzee jirani yangu kupeleka zabibu kwa mnunuzi. Mnunuzi alikamulia tone moja juu ya kifaa kidogo, akachungulia, akasema, "Mzee, sukari haijatosha." Mzee akanigeukia, "Mwalimu, wewe umesoma. Zabibu hizi si tamu? Au naonewa?" Nikaonja, nikaona ni tamu. Sikuwa na jibu. Zabibu zilirudi nyumbani zikaozea kwenye ndoo, na fedha ambazo zingenunua sare ya mjukuu wake, mwanafunzi wangu, zikapotea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kusoma. Niliyoyapata si magumu, na ni aibu kwamba tumeishi na mizabibu tangu wamisionari walipoipanda Bihawana bila kuyajua.

Kila mama wa Kigogo anayepika pombe ya mtama anajua kwamba togwa ni tamu, lakini ikikaa utamu hupungua na ukali huzidi. Mvinyo ni vivyo hivyo. Chachu hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kilevi. Sukari ikiwa kidogo, mvinyo unakuwa hafifu. Ndiyo maana mnunuzi hupima. Tena, zabibu ikishakatwa haizidi kuiva kama ndizi au embe. Kumbe mzee hakuonewa; alikata mapema, na angengoja siku chache angeuza.

Chachu ikimaliza karibu sukari yote, tunapata mvinyo usio na utamu, ambao wazungu huuita "mkavu". Ikizuiwa kabla haijamaliza, mvinyo unabaki mtamu. Katika harusi moja hapa kijijini wageni walimwaga mvinyo wa namna ya kwanza wakisema umeharibika, nao ulikuwa mzima kabisa. Mvinyo ulioharibika mara nyingi hunuka siki.

Rangi nayo ina sababu yake. Maji ya zabibu karibu zote, hata nyeusi, hayana rangi. Rangi imo katika ganda. Mvinyo mwekundu huchachuliwa pamoja na maganda, na maganda hayo ndiyo yanayoleta ukakasi mdomoni, kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Mvinyo mweupe hukamuliwa na maganda yakatengwa mapema, kwa hiyo hauna ukakasi huo, bali una uchachu unaoburudisha. Maganda yakikaa muda mfupi tu, unatoka mvinyo wa rangi ya waridi.

Kisha kuna aina za zabibu, maana mtama nao una mbegu nyingi na si zote zinafaa kwa ugali. Chenin Blanc, yenye asili ya Ufaransa, hutoa mvinyo mweupe wenye uchachu na harufu inayokaribia tufaa, na wakati mwingine asali. Syrah, ya Ufaransa pia, hutoa mwekundu mzito wenye harufu kama ya pilipili manga. Cabernet Sauvignon ina ganda nene, ndiyo maana ukakasi wake ni mwingi. Tunayo pia ile nyekundu inayoitwa Makutupora, kwa jina la kituo chetu cha utafiti. Hakuna anayetia pilipili wala asali katika pipa. Harufu hizo hutokana na zabibu yenyewe na uchachuaji wake.

Ndugu Mhariri, sisemi kwamba watu wanywe. Wapo ndugu zetu ambao dini yao inakataza, na watoto hawaruhusiwi kabisa. Lakini hata asiyeonja anaweza kulima na kuuza, na muuzaji asiyejua bidhaa yake atapangiwa bei siku zote. Dodoma tunaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawaliwezi. Ni jambo la kusikitisha basi kuona zabibu zinaoza kwa sababu mkulima hakujua siku ya kukata.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila kijiji cha zabibu kiwe na kifaa cha kupimia sukari, ili mkulima apime shambani kabla ya kukata, asisubiri kupimiwa sokoni. Pili, watengenezaji waandike kwenye chupa kwa Kiswahili kinachoeleweka kama mvinyo ni mtamu au si mtamu, na umetokana na zabibu gani; nyingi nilizoziona zimeandikwa Kiingereza. Tatu, mabwana shamba watufundishe mambo haya vijijini, maana elimu haina mwisho.

Kwa upande wangu nimekwisha kumwomba mwalimu mkuu, naye amekubali tutumie darasa jioni, watoto wakishaondoka. Wakulima wako tayari, na mzee jirani yangu amesema atakaa dawati la mbele. Anayengojwa sasa ni bwana shamba.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Chamwino,
Dodoma.