Gonjwa Lijalo Lisiikute Gikomba Bila Maji

Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa corona tarehe 13 Machi 2020, wananchi waliambiwa wanawe mikono na wakae mbalimbali. Ndani ya Gikomba, jijini Nairobi, agizo hilo lilikuwa zito. Kwenye vichochoro vya soko hilo la mitumba, mbebaji mwenye bale mgongoni hawezi kupita bila kumgusa mnunuzi, na wengi hununua maji kwa mtungi.

Hasara haikukawia. Uingizaji wa mitumba ulipigwa marufuku hadi Agosti. Tarehe 6 Mei, Eastleigh iliyo jirani ilifungwa, watu wasiingie wala kutoka. Kafyu nayo ilidumu hadi Oktoba 2021. Wauza viatu, mafundi cherehani, wasukuma mikokoteni na wapika chakula vibandani walilipa kwa riziki yao ya kila siku gharama ya nchi kutojiandaa, huku Mkaguzi Mkuu akichunguza mabilioni ya ununuzi wa vifaa vya corona katika Kemsa, shirika la serikali la vifaa vya tiba.

Nairobi ilishayaona haya zamani. Tauni ilipozuka mwaka 1902, wakoloni waliliteketeza soko la Wahindi. Kuchoma, kufunga, kupiga marufuku: mji usiojiandaa hauna dawa nyingine, na mchuuzi ndiye huumia kwanza.

Na bado hatari inabisha. Julai 2024, mpox ilithibitishwa kwa msafiri aliyekuwa akipita mpakani Taveta. Miezi michache kabla, mvua za masika zilifurisha Mto Nairobi unaopita kando ya soko, na maji machafu ya namna hiyo ndiyo hueneza kipindupindu.

Eneo hili halijawahi kuwa mzigo kwa afya ya nchi. Pale Majengo, Pumwani, jirani na soko, tangu miaka ya 1980 wanawake waliokuwa katika biashara ya ngono walikubali kushiriki utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba, Kanada. Kupitia kwao wanasayansi waligundua kuwa wapo watu wanaokutana na virusi vya ukimwi miaka mingi bila kuambukizwa. Dunia nzima ilinufaika. Majirani zao kukosa bomba la maji ni aibu.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa vifaa vya kazi. Hao hutembelea nyumba kwa nyumba, ilhali mchuuzi wa Gikomba hutoka kwake alfajiri na kurudi usiku. Soko linahitaji wahudumu wake, wanaolipwa posho kwa wakati, wa kugundua homa isiyo ya kawaida kabla haijasambaa.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, usafi na maji safi ya kutosha, na masoko yako mikononi mwa kaunti. Basi wauza samaki, wauza mbao na wauza nguo waache kwenda kila kundi kivyake. Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, waende pamoja wakidai mabomba, vyoo na njia pana za ambulensi. Njia hizohizo zitapitisha magari ya zimamoto. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15 sokoni humo. Bajeti ikishapitishwa, warudi kuuliza kila shilingi imefika wapi, na wasinyamaze hadi maji yatoke.