Acheni Kijiko, Shikeni Chupa

Ushauri wa afya ukifika Kawangware huwa umebaki sentensi moja: punguza sukari kwa chai. Ni ushauri wa bure, ndiyo maana kila mtu anao. Daktari anao, pasta anao, shangazi anao, na siku hizi kuna vijana wa TikTok wanaokoroga stevia kwa kahawa wakituonyesha vile nidhamu inakaa.

Mimi sielewi kwa nini kijiko ndicho mshtakiwa wa kwanza. Hiyo ndiyo sukari pekee ambayo mtu wa mtaa anaiona kwa macho na kuipima kwa mkono wake. Kilo ilipovuka shilingi 200 mwaka 2023, hakuna aliyehitaji semina: tulinunua ya kupima, chai ikawa strungi, vijiko vitatu vikawa kimoja. Mtaa unajua kupunguza. Isiyopungua ni ile ambayo hatukuitia sisi.

Pita karibu na mjengo wowote huku saa saba mchana. Mkate nusu, soda ya nusu lita. Hiyo ndiyo lanchi, na si ujinga: inashibisha haraka, haihitaji sahani, haingoji mtu apike, na msimamizi anaanza kelele saa nane kamili. Sasa piga hesabu. Soda ya kola ina karibu gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100. Nusu lita ni gramu 53, yaani vijiko 13 vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula. Kwa mtu mzima hiyo ni karibu gramu 50, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Chupa moja imemaliza siku nzima, na fundi hajafika nyumbani kwa hicho kijiko mnachomgombeza nacho.

Si anywe maji? Sawa. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 iliweka maji ya chupa na soda kwa mstari mmoja: shilingi 5 kwa lita. Soma tena. Serikali ilipima ujazo, sukari haikupima. Chupa yenye vijiko 13 na chupa isiyo na hata kimoja zikatozwa sawa. Halafu kila Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, tunaambiwa tujichunge. Na maji ya mfereji, kwa ploti nyingi, huja siku yanapotaka.

Si lazima iwe hivi. Afrika Kusini ilianza tozo lake Aprili 2018: gramu 4 za kwanza kwa kila mililita 100 hazitozwi, kila gramu inayozidi inalipiwa. Uingereza ilianza mwezi huohuo, na kampuni nyingi zilikuwa zimeshapunguza sukari kwa chupa kabla tarehe ifike. Hakuna mnywaji aliyehubiriwa. Chile nayo, tangu 2016, inabandika alama nyeusi mbele ya pakiti yenye sukari nyingi, kubwa ya kuonwa na mtoto. Huku kwetu, ukitaka kujua yoguti ya mtoto ina nini, geuza pakiti na utafute miwani.

Na nyinyi wa stevia, poleni: mwaka 2023 shirika hilohilo lilishauri vitamu mbadala, stevia ikiwemo, visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito.

Kinachonichekesha ni kwamba Kilimani ya kahawa hizo na Kawangware ya mkate nusu ni eneo bunge moja, Dagoretti Kaskazini. Matatu ya 46 inapita kote. Mbunge ni mmoja, na yeye ndiye hupigia kura Mswada wa Fedha kila mwaka. 2027 wagombea watakuja na mkate na kreti za soda kwa vijana wa mkutano, kama kawaida. Kama una njaa, kula. Lakini kabla hajapanda juu ya gari, muulize mbele ya watu: utapigia kura ushuru unaohesabu gramu, na utatoa maji kwa huo mstari, ama hapana?