Wana Mchikichini, tuzisikilize injini zetu

Ndugu zangu waendesha bodaboda wa Mchikichini, wamiliki wa pikipiki, mafundi, na ninyi wafanyabiashara wa Karume mnaotupa mizigo: nawaomba tukubaliane mambo mawili, kijiwe kwa kijiwe. Tusikokote mzigo kwa gia kubwa pikipiki ikiwa haina mwendo. Na tusishuke mteremko kwa frii.

La kwanza liko wazi Barabara ya Uhuru kila siku. Pikipiki imebeba belo la mitumba, foleni imebana, dereva yuko gia ya nne. Badala ya kushuka hadi ya pili, anavuta mafuta hadi mwisho. Pikipiki inatetemeka, inakoroma, cheni inagongagonga, ndipo inajivuta. Wengi tumeaminishwa kwamba hivyo tunabana mafuta. Tunachobana ni uhai wa injini. Ikizunguka polepole huku imefunguliwa mafuta mengi, kila mlipuko unaisukuma pistoni kwa nguvu wakati krenki haina mbio za kuupokea, na kishindo chote kinaishia kwenye beringi ya konrodi. Pampu ya oili nayo huzungushwa na injini hiyohiyo. Injini ikizubaa, oili inafika kidogo pale inapotakiwa sana. Pikipiki zetu nyingi hupozwa kwa upepo, na kwenye foleni ya saa nane mchana upepo haupo.

Kisha fundi anafungua injini na kumwambia bosi konrodi imekwisha. Anayebaki kijiweni bila kazi ni kijana wa mkataba, na hesabu ya jioni inamsubiri palepale. Hili linaniuma, kwa sababu dawa yake haina gharama: kupunguza gia mapema, kabla injini haijalalamika. Pikipiki nyingi hazina mshale wa kuonyesha mizunguko, kwa hiyo sikio ndilo kipimo. Mlio mwepesi unaopanda vizuri ni salama. Mlio mzito wa kugonga unaomba gia ndogo.

Sasa mteremko. Kutoka Fire kushuka Jangwani, wapo wanaoweka frii, na wapo wanaozima injini kabisa, nao wakidhani wanabana mafuta. Ukiachia mafuta ukiwa ndani ya gia, injini haichomi mengi hata hivyo: njia ya hewa imefungwa, pistoni inahangaika kuvuta hewa isiyopatikana, na uzito huo ndio unaolishika gurudumu la nyuma. Hiyo ni breki uliyopewa bure. Ukiweka frii unaikata, unaziachia breki za kawaida kazi yote, na zikibanwa muda mrefu chini ya mishikaki zinapata moto na kulegea.

Yapo ya kuzingatia. Shusha gia mojamoja na kuachia klachi taratibu, maana ukiiangusha ghafla kwenye lami yenye mvua gurudumu la nyuma litateleza. Breki ya injini haiwashi taa ya breki, kwa hiyo gusa breki kidogo ili dereva wa daladala aliye nyuma yako ajue unapunguza. Na ukitaka kusimama, breki zote mbili bado ni zako.

Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoitambua bodaboda kuwa usafiri wa abiria, tumezoea kudaiwa leseni na kofia ngumu, na ni haki. Lakini askari wa barabarani hawezi kuona uko gia ya ngapi. Hili ni letu sisi.

Basi kila kijiwe kitenge saa moja Jumapili asubuhi, wazoefu wakae na wapya, pikipiki ipakiwe mzigo na kila mmoja asikie tofauti ya gia ya pili na ya nne. Mafundi, msitupe konrodi zilizokufa. Zileteni vijana wazishike. Wenye vijiwe vikubwa waombe mwalimu kutoka VETA Chang'ombe, si mbali. Wamiliki, mkataba mpya ukianza, mweleze kijana jambo hili kabla ya kumkabidhi ufunguo. Mama na baba wa Karume, msipakize belo la pili kwenye pikipiki inayokoroma kwa la kwanza. Nawe abiria, dereva akishusha gia na injini ikapaza sauti, usimwambie anaharibu pikipiki.