Mkono Mfupi Kwenye Meza ya Wala Viazi

Vijana wanaojifunza kuchora watu hawakosi washauri. Nenda Dar es Salaam, nenda Nairobi, utasikia yale yale: usinakili, kariri misuli kwanza, bila modeli wa uchi unapoteza muda, wenzako hawajui kitu usiwasikilize, hiki ni kipaji na kama huna, huna. Kila ushauri una ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana unadumu. Ila ukiufuata kama ulivyo, utachora miaka mingi na watu wako wataendelea kusimama kama nguzo za umeme.

“Kunakili kunaua ubunifu.” Hili ndilo dai lenye heshima kuliko yote, maana limebebwa na mtu mzito. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea sanaa Makerere na mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alifundisha kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Mimi nalielewa neno lake kama onyo kwa msanii anayerudia twiga yule yule kwa ajili ya watalii mpaka mkono unajifanyia kazi wenyewe. Hapo nakubaliana naye kabisa. Lakini kunakili kwa kuuza ni kazi moja na kunakili kwa kusoma ni kazi nyingine. Michelangelo alipokuwa kijana alinakili watu wa Giotto na wa Masaccio, na baadhi ya karatasi hizo zipo hadi leo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana waliomzunguka walijifunza kwa kukaa kando yake na kufuata alivyofanya. Kipimo ni rahisi: ukimaliza kunakili, funga kitabu, mgeuze yule mtu upande wa pili kichwani mwako, umchore. Ukishindwa, ulinakili mistari, hukunakili mwili. Rudi mezani.

“Jua anatomia yote kwanza, ndipo ushike penseli.” Mtu mzima ana mifupa 206 na misuli zaidi ya 600. Daktari ana sababu ya kuijua. Mchoraji anayesubiri kuimaliza hatachora kamwe. Leonardo da Vinci alipasua maiti kwa mikono yake mwenyewe na kuuchora moyo kwa uangalifu ambao madaktari bado wanausifu. Huyo huyo ndiye aliyewaonya wachoraji wasionyeshe kila msuli wanaoujua, kwa kuwa mtu wao ataishia kufanana na gunia la jozi.

Cha kuanzia ni sehemu chache ambazo mfupa umeikaribia ngozi, kwa sababu hazipotei kirahisi mtu anenepe au akonde: mitulinga miwili, ncha ya bega, kiwiko, pande mbili za nyonga, pia ya goti, muundi, vifundo vya miguu. Kisha tazama zinavyohusiana. Simama uzito wote ukiwa kwenye mguu wa kulia: nyonga ya kulia inapanda, bega la kulia linashuka, uti wa mgongo unapinda katikati kusuluhisha. Kifundo cha mguu cha ndani kiko juu kuliko cha nje, ilhali shavu la mguu ni kinyume chake, upande wa ndani hutuna chini zaidi. Laza mkono mezani kiganja kikitazama juu, halafu ukigeuze kitazame chini. Kiwiko hakikusogea, lakini mfupa wa upande wa kidole gumba umevuka juu ya mwenzake, na umbo lote la mkono kutoka kiwiko hadi kiganja limebadilika. Aliyeligundua hili kwenye mkono wake hawezi kulisahau. Aliyelikariri kitabuni atalisahau kabla ya Ijumaa.

Kwa hiyo kitabu kifuate karatasi, kisiitangulie. Chora, ukwame, ndipo ufungue ukurasa wa pale ulipokwama. Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha Art Students League ya New York, alipanga masomo yake kwa njia hiyo. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1941 yeye akiwa ameshafariki, kinaanza na mazoezi mawili: kuufuata ukingo wa mwili polepole bila kutazama karatasi, na kunasa mwendo wa mtu kwa dakika moja au pungufu. Anatomia inakuja mbele ya safari, mwanafunzi akiwa ameshachafua karatasi za kutosha kujua anachotaka kuuliza.

“Mimi nachora katuni, anatomia hainihusu.” Mtazame Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye katuni zake zimewakosesha usingizi wanasiasa wa Kenya kwa miongo mitatu. Pua anaivuta, tumbo analijaza, lakini shingo inatoka panapostahili na makalio yamekaa kwenye kiti kweli. Huwezi kukitia chumvi kitu usichokijua. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, maana dai lenyewe ni uvivu uliovaa suti.

“Bila modeli wa uchi hutaujua mwili, na kwetu hilo haliwezekani.” Nusu ya kwanza nisiipuuze. Nguo huficha mahali mbavu zinapoishia na nyonga inapoanzia, na wengi wetu tunachora viwiliwili visivyo na kiuno kwa sababu hiyo. Anayepata nafasi ya kuchora modeli katika chuo au studio, aende. Ila aliyeikosa hajakatiwa njia. Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London kilipoanzishwa mwaka 1768, miongoni mwa waanzilishi walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Johan Zoffany alipowachora wanachama wa chuo hicho wakiwa chumbani na modeli wa kiume aliye uchi, wanawake hao aliwaweka ukutani kama picha, kwa kuwa haikuwa adabu wao kuwemo humo. Wanafunzi wa kike wa chuo hicho walisubiri hadi 1893 ndipo wakakubaliwa kuchora modeli, tena aliyefunikwa kiasi. Ilikuwa dhuluma, na haigeuki kuwa busara kwa sababu ni ya zamani. Lakini Kauffman alipata jina Ulaya nzima kwa kusoma sanamu za plasta, michoro ya wengine na watu waliovaa nguo zao.

Na sisi tumezungukwa na miili. Jioni pale Forodhani, Unguja, vijana hukimbia na kujirusha baharini mmoja baada ya mwingine. Hakuna modeli wa studio atakayekuonyesha kifua kikiachana na nyonga angani namna ile. Wavuvi wakivuta nyavu ufukweni, makombe ya mabega yote yanasogea mbele ya macho yako. Mpagazi wa Kariakoo chini ya gunia ni somo zima la uzito. Mama mwenye ndoo kichwani anakufundisha shingo iliyotulia juu ya kiuno kinachofanya kazi, na mtoto akiwa mgongoni, kanga inakuambia yenyewe uzito umening'inia wapi. Hata kanzu haifichi kama watu wanavyodhani: huanguka kutoka begani, hugusa tumbo, hugusa goti likiinuliwa, na kila inapogusa kuna mwili. Omba ruhusa, salimia, onyesha daftari. Wengi watacheka na kukuacha uendelee. Picha ya simu ni msaada dhaifu, kwani simu ikikaribia uso hukuza pua na kuyapunguza masikio, nawe unanakili kosa la lenzi ukidhani ni mtu.

Tena watu wa mtaani hawafuati vitabu. Andrew Loomis, katika kitabu chake cha kuchora watu cha 1943, alimpa mtu wake bora urefu wa vichwa 8. Watu wengi hukaribia vichwa 7 na nusu, wengine hawafiki, na mtoto wa mwaka mmoja ni kama vichwa 4 tu. Kipimo cha kitabu ni cha kulinganishia, si cha kumnyooshea mtu uliyemwona kwa macho yako.

“Wenzako ni wanafunzi kama wewe, kipofu hamwongozi kipofu.” Hapa ndipo ninapogombana na walimu wengi. Leonardo alilipima swali hili hili, kuchora peke yako au pamoja na wenzako, akachagua wenzako: utaona haya kuwa wa mwisho, utamwonea wivu mzuri aliyekuzidi, na utaokota kitu kwenye karatasi yake. Naongeza sababu moja. Mwenzako hahitaji kujua kuchora mkono ili aone kwamba mkono wako ni mfupi. Ameishi na mikono tangu azaliwe. Anayeshindwa kuona ni wewe, uliyeutazama mchoro saa mbili mpaka jicho likauzoea. Ndiyo maana wachoraji hugeuza karatasi juu chini au kuitazama kwenye kioo: wanatafuta jicho la mtu mwingine, na wewe unalo limekaa kiti cha pili.

Kesi ninayoipenda ni ya Vincent van Gogh na Anthon van Rappard. Walikutana Brussels mwaka 1880. Van Rappard alikuwa mdogo kwa miaka mitano lakini alishapita kwenye vyuo vya sanaa; Van Gogh alikuwa ndiyo kwanza ameanza, ana miaka 27, nyuma yake kuna biashara ya picha, ualimu na uhubiri. (Wanaosema kuchora ni kipaji tu wamtazame hapo. Watu wake wa mwanzo wamekakamaa na miguu yao haibebi uzito. Alichofanya ni kuchukua kurasa 60 za mazoezi ya mkaa za Charles Bargue, akazichora zote, kisha akazirudia.) Kwa miaka mitano wawili hao waliandikiana barua na kukosoana kazi. Mei 1885 Van Gogh akamtumia chapa ya picha yake “Wala Viazi”, ya watu waliokaa mezani. Jibu lilikuja la moto: mwanamume wa kulia hana goti, hana tumbo, mkono wake umepungua mita nzima, kiganja cha mwanamke wa nyuma hakina ukweli, kazi hii si ya mtu makini. Van Gogh aliirudisha barua kwa aliyeiandika, na mwaka huo huo urafiki ukaisha.

Sasa wapo wanaosema ukali ndio humkomaza mchoraji. Isome tena kesi hiyo. Kuhusu goti na mkono Van Rappard alikuwa na hoja, na hoja hizo zilikuwa dhahabu: zilitaja nani, kiungo gani, kimepungukiwa nini. Kilichoziharibu ni hukumu juu ya mtu, iliyozunguka pande zote mpaka goti likapotea ndani yake. Kwa upande wa pili, zile sifa tunazomwagiana, “umetisha bro”, hazina hata goti la kupoteza.

Kwa ukosoaji unaotaja goti bila kumhukumu mtu, kundi la watu watatu au wanne linatosha. Anayeleta mchoro alete na alichochora: picha, au kama ni mtu, aeleze alisimamaje. Aulize swali moja, “uzito uko mguu upi?”, si “mnaonaje?”. Anayejibu aonyeshe kwa kidole, na akiweza aweke karatasi nyepesi juu ya mchoro achore anavyoona yeye, bila kugusa kazi ya mwenzake. Wawili wakitofautiana, mmoja asimame katika mkao ule na wengine watazame. Mwili upo pale pale, hauna upande.

“Chora tu kila siku, utaweza.” Utaweza kufanya nini? Wanaoanza karibu wote huweka macho juu mno, wakati macho hukaa katikati ya urefu wa kichwa, na viganja huvifanya vidogo, wakati kiganja kinaweza kufunika uso kutoka kidevu hadi zilipoanzia nywele. Ukichora nyuso mia kwa kosa hilo, umelifanyia kosa mazoezi mara mia. Wiki ambayo wenzako wamekuambia viganja ni vidogo, chora viganja peke yake, vikishika kikombe, vikikamua chungwa, vikihesabu pesa, kisha vipeleke kwao Jumamosi pamoja na vile vya zamani.