Pointi 13, na chuo kitakachomjua mtoto kwa jina

Na Skolastika Chidumizi

Julai ikifika katikati, steshenari za Majengo hapa Dodoma hugeuka ofisi za udahili. Mashine ya kopi inanguruma, foleni inatoka hadi barazani, na kwenye benchi la mbao wameketi mama na kijana wake aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HKL. Matokeo yametoka: Historia D, Kiswahili D, Kiingereza E. Divisheni ya tatu, pointi 13. Mama anauliza kwa sauti ya chini kama 13 ni nyingi. Mhudumu anamjibu macho yakiwa bado kwenye kompyuta: "Mama, kwa vyuo vikuu tunahesabu upya. Hapa ana nne."

Mzazi gani asiyechanganyikiwa na jibu hilo? Kwa hesabu ya Baraza la Mitihani, A ni pointi 1, D ni 4 na E ni 5, hivyo mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inapindua ngazi hiyo: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Sharti la jumla la mhitimu wa kidato cha sita kusoma shahada ya kwanza ni kufaulu masomo mawili yanayotakiwa na kozi husika, kwa jumla ya pointi zisizopungua 4.0. D mbili zinatosha. C moja na E moja nazo zinatosha. Kijana wa kwenye benchi amesimama juu ya mstari wenyewe. Mlango uko wazi kwake, ila kozi zinazogombewa kwenye vyuo vikubwa zitajazwa na wenye alama za juu kabla zamu yake haijafika.

Hapo ndipo mazungumzo ya nyumbani yanapoharibika. Mjomba anapiga simu kutoka Dar es Salaam kusema asipopata UDOM au Mlimani arudie mtihani. Shangazi anataka akasomee uuguzi, ingawa Baiolojia aliiacha kidato cha nne. Chuo kidogo cha Kanisa Katoliki kinatajwa mwisho kabisa, kwa sauti ya kufariji, kama mtu anayemtajia mgonjwa uji.

Safu hii inasema kitajwe mwanzo.

Nchi hii ina neno baya kwa wanafunzi wa aina hii, na Dodoma inalikumbuka. Mei 2016, wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma, baada ya mgogoro uliofanya vipindi visifundishwe. Mwezi uliofuata, Rais John Magufuli, akizungumza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwaita vilaza. Hoja kwamba chuo kikuu kiwe na sifa zake za kuingilia ilikuwa na uzito na bado inao. Lakini neno lile lilishuka mitaani likakaa. Hadi leo kijana wa divisheni ya tatu huficha matokeo yake kana kwamba ameiba.

Aliyesoma shule ya kata ya Mpwapwa au Kondoa, akatembea kilomita kadhaa kwenda na kurudi, akafundishwa Kiingereza na mwalimu mmoja aliyegawana madarasa manne, kisha akapata E ya Kiingereza, hajathibitisha kwamba kichwa chake ni kizito. E hiyo inaieleza shule kama inavyomweleza yeye. Swali la maana kwa mtoto kama huyo ni hili: ni chuo gani kitakachogundua mapema kwamba hajaelewa?

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na kilibuniwa kibebe wanafunzi 40,000. Ni fahari ya mkoa huu, na safu hii haina ugomvi nacho. Ada zake ni nafuu, na kina mabweni, maabara na maktaba ambavyo chuo kidogo hakiwezi kuvifikia. Mwanafunzi anayejiamini na kujisimamia atastawi pale mlimani Chimwaga. Wa wastani ana hatari yake. Masomo ya lazima kwa wengi, kama stadi za mawasiliano, hufundishwa kwenye kumbi za mamia ya watu, mhadhiri akiwa na kipaza sauti na aliyeketi nyuma akiwa na simu. Mtu anakosa seminari mbili na hakuna anayeuliza. Bumu linaingia, linakwisha. Anapata sapu ya kwanza, anapata ya pili, anadisko, na nyumbani wanakuja kujua miezi miwili baadaye. Wala hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Ni wingi tu, na chuo kidogo hakina wingi huo.

Anayetoka Dodoma akitafuta chuo cha Kikatoliki ana njia tatu za karibu. Magharibi, ng'ambo ya Manyoni na Itigi, iko Tabora na Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, AMUCTA, kilichopewa jina la Marko Mihayo aliyeliongoza jimbo hilo kuanzia mwaka 1960. Mashariki iko Morogoro na Chuo cha Jordan cha Wasalvatoriani, kilichokua kutoka kwenye taasisi yao ya falsafa na teolojia. Kusini, kwa barabara ya Mtera, iko Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, kilichoanza mwaka 2005. Vyote vitatu vimetokana na malezi ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, ambacho nacho kilianza kama chuo kidogo cha mafunzo ya jamii pale Nyegezi, Mwanza, mwaka 1960, kwa juhudi za Askofu Joseph Blomjous, kikawa chuo kikuu mwaka 1998. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dodoma mwaka 2024, Morogoro imekuwa jirani kabisa.

Wanaosali kwingine wasiogope. Vyuo hivi hupokea Waislamu, Walutheri na Waanglikana, na anayekwenda kusoma sosholojia hahitaji barua ya paroko. Kwa haki inayostahili, hata hapa mjini Waanglikana wana Chuo Kikuu cha St. John's, kilichofunguliwa mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo, na mengi yanayosemwa hapa kuhusu udogo yanakihusu pia.

Zaidi ya udogo, kuna kitu ambacho vyuo vya Kikatoliki vimekirithi, nacho ni mapokeo ya elimu pana. Seminari kuu za Kanisa, Kipalapala ya Tabora ikiwamo, zimelea kizazi baada ya kizazi kwa imani kwamba kijana hujifunza kwanza kufikiri, kusoma maandiko magumu, kuandika na kusimama kujenga hoja, ndipo apewe kazi. Marekani wapo Wakatoliki wenye vyuo vidogo vingi vinavyoishi kwa mtindo huo: mwanafunzi anachanganya falsafa, historia, lugha na sayansi kabla ya kuchagua njia moja. Kwetu shahada imefungwa zaidi, na mwombaji anatakiwa ajue anataka nini siku ile ile anapojaza fomu steshenari. Hata hivyo, chuo kilichozaliwa na shule ya falsafa hakiisahau asili yake. Kwa mtoto aliyepata E ya Kiingereza, kuandika insha, kurudishiwa ikiwa na maswali pembeni, kuiandika tena na kuulizwa darasani alikuwa na maana gani, ndiyo dawa yenyewe.

Mtanzania maarufu kuliko wote alisoma shahada ya aina hiyo. Julius Nyerere alipokuwa Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, alichukua shahada pana iliyochanganya fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia, anthropolojia ya jamii, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Hakuwa mwanafunzi wa wastani, na safu hii haitamfanya awe. Kinachogusa ni uamuzi wake wa kabla ya hapo. Alipomaliza Makerere mwaka 1945 aliitwa kufundisha sehemu mbili katika mji mmoja wa Tabora: shule ya serikali, aliyosoma mwenyewe, yenye jina na pensheni, na Mtakatifu Maria ya misheni, iliyokuwa changa. Alikwenda kwa Padri Richard Walsh, Mtakatifu Maria. Padri huyo ndiye baadaye aliyemsaidia kufika Edinburgh. Mkuu wa shule ndogo alimfahamu vya kutosha kumpigania.

Nyanda hizi za kati zimewahi kuona taasisi ndogo za makanisa zikiwashika watoto ambao wengine hawakuwaona. Shule ya kwanza ya wasioona nchini ilifunguliwa Buigiri, hapa Chamwino, mwaka 1950, na Waanglikana. Ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na Wakatoliki. Leo AMUCTA, katika mji huo huo, inafundisha walimu wa elimu maalumu. Mwenye D mbili anayetaka kazi yenye maana na upungufu mkubwa wa watu angefanya vizuri kuitazama kozi hiyo kwa makini, badala ya kukimbilia jina la kozi linalopendeza kwenye kadi ya harambee.

Sasa fedha, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapokwama, na wana haki. Ada ya chuo binafsi kwa kawaida inazidi ya chuo cha umma. Bodi ya Mikopo huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo binafsi, lakini si kila mwombaji anapata, na anayepata si lazima apate asilimia mia. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi au Hombolo anavuna mara mbili kwa mwaka; mavuno ya Agosti na Septemba ndiyo yanayotangulia kufunguliwa kwa vyuo. Aketi na mwanawe, wapige hesabu ya miaka mitatu yote kwa kudhani hakuna mkopo. Hesabu ikigoma, chuo cha umma chenye ada ndogo ni uamuzi wa heshima, na udogo wa chuo kingine usimvute mtu kwenye madeni.

Udogo peke yake hauna thamani. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya na kusimamisha kozi 75 katika vyuo vingine 22, na baadhi ya vyuo vidogo vya makanisa vilikuwa na matatizo ya kweli ya wahadhiri na fedha. Mwongozo wa udahili wa TCU hutoka kila mwaka na unaorodhesha kila kozi iliyoidhinishwa. Kozi isiyokuwamo isilipiwe hata shilingi moja. Mzazi aulize pia wahadhiri wangapi wa kozi hiyo wameajiriwa pale pale na wangapi wanapita Ijumaa kwa basi, na kati ya walioanza mwaka wa kwanza wangapi walifika mahafali. Chuo kizuri kitajibu bila kukasirika.

Wazazi wenye watoto wa divisheni ya tatu, tangu mwaka 2017 maombi yanapelekwa moja kwa moja chuoni, hivyo hakuna anayewapangia. Kabla kijana hajaingiza namba ya kuthibitisha udahili, mpeni nauli ya kwenda na kurudi, akakae chuoni nusu siku. Aingie darasani, ahesabu viti, kisha asimame mlangoni mhadhiri anapotoka na asikilize kama anawaita wanafunzi wake kwa majina.