Marehemu Wetu wa Agosti

Ufikapo mwezi wa Agosti zipo nyumba katika Afrika ya Mashariki ambazo huzuni hurejea upya. Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi, mabomu yalilipuka penye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, karibu wakati mmoja. Nairobi walikufa watu 213, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wapita njia tu. Na jengo la Ufundi, lililokuwa ubavuni mwa ubalozi, liliporomoka juu ya waliokuwamo. Dar es Salaam walikufa 11, wala hapakuwa na Mmarekani hata mmoja kati yao. Waislamu walikuwamo.

Ilisemwa baadaye kuwa Ijumaa ilichaguliwa kwa kuwa Waislamu wangekuwa msikitini. Nasi twauliza: saa nne na nusu ni nani aliyemo msikitini, na adhuhuri bado karibu saa mbili kuingia? Na hata lau misikiti ingalijaa, damu ya Mkristo aliyeaga watoto wake akaenda kazini ilihalalishwa na nani? Hukumu ya mwenye kuua nafsi moja bila ya haki imo katika Suratul-Maida, na kijana yeyote aliyesoma chuoni aijua. Basi kijana wa Kahama au Geita atupiwapo neno na wenziwe kwa sababu ya watu wale, asiinamishe kichwa. Waliofiwa ni sisi pia.

Watu wa huku kwetu hawahitaji kufundishwa kifusi ni nini. Ni duara ngapi zimewafukia wachimbaji, asubuhi wakatoka wazima, jioni mke akaletewa kofia na sururu? Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa kwa kuangukiwa miongoni mwa mashahidi, na aliyezama majini kadhalika, na ndugu zetu waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 hatujawasahau. Walakini shahidi wa namna hii, tofauti na yule wa vitani, huoshwa, hukafiniwa na kusaliwa. Maiti wakichanganyika, Mwislamu asijulikane na asiyekuwa Mwislamu, wanavyuoni wa Kishafii wamesema wasaliwe wote, na nia iwe kwa Waislamu. Na asiyepatikana kabisa husaliwa swala ya ghaibu, kama Mtume alivyomsalia Najashi, mfalme wa Habasha, naye yuko Madina. Mama asikae miaka akingoja kaburi ndipo amwombee mwanawe.

Kulia si dhambi. Mtume alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe na kuchana nguo. Matanga ni siku tatu, ila mjane, ambaye eda yake ni miezi minne na siku kumi, na akiwa mja mzito ni mpaka ajifungue. Kumtaja marehemu baada ya hapo, kuwahadithia watoto alivyocheka na alichopenda kula, hilo halina siku wala mwisho, na twaona wazazi wengi hunyamaza wakidhani wanawapumzisha watoto.

Kuhusu khitma ya kila mwaka hatutaki kufungua mlango wa ubishi. Twasema tu kuwa mjane asikope fedha za pilau. Jaafar alipouawa, Mtume aliamrisha wafiwa wapikiwe wao. Mwenye uwezo na achimbe kisima. Saad bin Ubada alifanya hivyo kwa ajili ya mama yake, na katika vijiji vya Shinyanga, ambako kiangazi punda na wanawake hutembea mwendo mrefu kutafuta maji, hatujui sadaka iliyo bora kuliko hiyo.

Mirathi nayo igawanywe mapema. Tumeona nyumba zisomazo khitma kila mwaka bila kukosa, hali fungu la yatima lingali mkononi mwa ami yake.