Kidato cha Tano Bure, Utabibu kwa Kuuza Ng'ombe



Leo naomba tuongelee jambo ambalo kwenye mikutano yetu halipigiwi makofi sana, lakini liko ndani ya nyumba zetu wengi. Ni habari ya vijana wanaosoma utabibu kwenye vyuo vya kati.

Ukifika zahanati ya kijijini usiku na mtoto anachemka homa, anayekupokea na kukuuliza "ameanza lini?" mara nyingi siyo daktari mwenye digrii. Ni tabibu. Yeye ndiye anayempima, anaandika dawa, anaamua kama mtoto abaki au mkimbilie hospitali ya wilaya. Akikosea yeye, gari la wagonjwa halina maana tena.

Huyu mtu anapatikanaje? Anamaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa angalau masomo manne, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Anaomba chuo kinachotambuliwa na NACTVET, iwe Mafinga, Lindi, Maswa, Kibaha au moja ya vyuo binafsi vilivyojaa sasa hivi. Anasoma miaka mitatu, ngazi ya 4, ya 5 na ya 6. Akiishia ya 5 anakuwa tabibu msaidizi. Akimaliza ya 6 ana stashahada, ni tabibu kamili. Katikati hapo kuna mwili wa binadamu wa kukariri, wodi za kuzunguka, na mafunzo kwa vitendo ambako nauli na chakula ni juu yako.

Sasa chukua vijana wawili wa shule moja ya kata, waliomaliza kidato cha nne mwaka mmoja na matokeo yanayolingana. Wa kwanza anaenda kidato cha tano. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita imefutwa, kwa hiyo hadaiwi ada (michango ni hadithi nyingine, tutaiongelea siku yake). Wa pili anaenda utabibu. Umri ni ule ule, wazazi ni wale wale wa kulima na kufuga. Lakini yeye anapewa fomu ya kujiunga yenye ada, hosteli, sare, koti jeupe, stetoskopu, bima ya afya na michango ya mitihani. Kwenye vyuo vingi binafsi ada peke yake inapita milioni moja kwa mwaka. Zidisha mara tatu.

Hivi kosa la huyu wa pili ni nini? Kwamba amechagua njia fupi zaidi ya kwenda kuwahudumia watu wa kijijini kwao?

Dada yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, alipita njia hiyo kwenye chuo binafsi ambacho sitakitaja. Mwaka wa pili baba mkubwa aliuza ng'ombe wawili, hela bado ikapungua. Mitihani ilipofika, jina lake halikuwemo kwenye orodha ya walioruhusiwa kuingia. Akapoteza muhula mzima. Hakufeli. Alidaiwa. Wale wagonjwa ambao angewahudumia miezi ile hakuna aliyewahesabu.

Wala sitaki tukimalizie hasira chuo kile. Chuo binafsi kinaishi kwa ada, kinalipa walimu kwa ada. Swali ni kwa aliyekiachia chuo na mzazi wakabane koo wao kwa wao, wakati faida ya tabibu inakwenda kwa nchi nzima. Haikuwa hivi siku zote. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali iliposambaza vituo vya afya na zahanati vijijini, ilielewa kwamba jengo bila mtu ni ghala tu. Ikawasomesha waganga wasaidizi kwa hela ya umma. Habari ya kuchangia gharama ilikuja na sera za miaka ya 1990. Tulikuwa nchi maskini zaidi ya leo, na tuliweza.

Najua kuna mtu ataniambia, "Bodi ya Mikopo imeanza kutoa kwa stashahada." Ni kweli, na tuseme ukweli hata kama haukisaidii chama chetu: tangu 2023/24 mikopo imefunguliwa kwa baadhi ya kozi za stashahada kwenye fani zilizopewa kipaumbele, afya ikiwemo. Hiyo ni hatua. Lakini soma vizuri neno "baadhi". Orodha inatoka kwenye mwongozo. Mwongozo unaandikwa ofisini, na mwakani unaweza kuandikwa upya. Kozi yako ikikosekana, unakwenda kulalamika wapi?

Hapa ndipo masomo yangu ya sheria yananiuma. Fungua Katiba ya 1977, Ibara ya 11(3). Inasema Serikali itafanya jitihada kuhakikisha watu wote wanapata fursa sawa na za kutosha za elimu na mafunzo ya ufundi, katika ngazi zote za shule na vyuo. Fursa sawa. Mafunzo ya ufundi. Vyuo. Utadhani imeandikwa kwa ajili ya dada yangu.

Halafu rudi nyuma mpaka Ibara ya 7(2). Inasema masharti ya sehemu ile hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Yaani umeahidiwa, ila ukinyimwa usije kushtaki. Wenzetu Kenya, Katiba yao ya 2010 imeweka elimu na afya kwenye Ibara ya 43 kama haki, na Ibara ya 22 inamruhusu mwananchi kwenda mahakamani haki ikivunjwa. Sisemi Kenya ni peponi, ada inawatesa na wao. Lakini mwenzako ana mlango wa kugonga, wewe una ukuta.

Ndiyo maana mtu akiniambia Katiba Mpya ni hoja ya wanasiasa wanaotaka vyeo, huwa namuuliza ana ndugu chuoni. Katiba Mpya ni ada. Ni orodha ya mtihani ambayo jina lako limekatwa.

Kwa hiyo napendekeza vijana wa chama tusimame na mambo matatu, na yaingie kwenye ilani yetu:

Moja, elimu bila ada imfuate mtoto aliyemaliza kidato cha nne kokote anakochaguliwa. Kama kidato cha tano ni bure, utabibu kwenye chuo cha Serikali uwe bure. Kwa vyuo binafsi vilivyosajiliwa, mkopo utolewe kwa kila mhitaji, na haki hiyo iandikwe ndani ya sheria badala ya kuachwa kwenye mwongozo.

Mbili, mkataba wa pande mbili. Atakayesomeshwa na umma aitumikie zahanati ya pembezoni miaka mitatu. Na Serikali nayo ifungwe: ikishindwa kumwajiri, deni lifutwe. Siyo mtu anahitimu, anapata leseni, halafu anajitolea bila mshahara akisubiri tangazo la ajira huku deni linamsubiri mlangoni.

Tatu, Katiba Mpya iondoe ule ukuta wa Ibara ya 7(2), ili ahadi ya elimu na mafunzo iwe haki ya kudai mahakamani.

Watauliza hela itatoka wapi. Swali zuri. Tuwajibu kwa hesabu, tusiwajibu kwa matusi. Nyie mnaosoma utabibu, uuguzi, maabara na famasia, niandikieni kwenye maoni hapo chini: chuo cha Serikali au binafsi, unalipa kiasi gani kwa mwaka, na nani anakulipia. Msitaje majina. Nitazikusanya, na kikao kijacho cha vijana cha wilaya nitaziweka mezani.